Mswaki wa Kibuyu

Cherono mwanangu,

Leo asubuhi nilienda Kericho kukununulia vitu vilivyobaki kwenye ile karatasi ya chuo cha ualimu. Ndoo nimepata, blanketi nimepata, kufuli nimepata. Mswaki sikununua. Utaona haupo kwenye begi na sitaki udhani nimesahau. Mimi si mtu wa kusahau, mimi ni mtu wa kurudi nyumbani mara tatu kuangalia kama nilifunga mlango.

Nilisimama mbele ya ile miswaki mpaka msichana wa duka akaja kuniuliza kama kuna kitu nimepoteza. Imejaa ukuta mzima. Kuna migumu, kuna ya katikati, kuna milaini. Kuna ya watoto yenye kichwa cha sungura. Kuna mmoja unatiwa betri kama tochi, unasugua wenyewe, wewe kazi yako ni kufungua mdomo tu. Halafu kuna mweusi. Msichana akautoa huo mweusi akaniwekea mkononi. Akaniambia ndio unaotoka sana siku hizi, nywele zake zimetiwa makaa ndani, na makaa yanang'arisha meno kuliko kitu chochote. Nikamrudishia. Nikasema nitapita tena, nikatoka nje, nikasimama kwenye manyunyu kama mtu aliyetukanwa mbele ya watu.

Sasa ni saa tisa. Wewe na Chebet mmeenda Kipkelion kumuaga shangazi yenu, baba yako amepeleka majani ya chai kituoni, na kwa hii mvua najua gari la majani litachelewa. Nimechana karatasi katikati ya daftari la Chebet, atanisamehe. Unajua niliishia darasa la tano, kwa hiyo mwandiko wangu unapanda na kushuka kama shamba letu. Soma polepole. Mahali nimekosea, soma nilichotaka kusema.

Sitakuandikia habari ya kuamka mapema wala ya kuchagua marafiki. Hayo nimekwambia tangu siku barua ya chuo ilipofika, mpaka juzi ukaniambia, "Mama, hata redio huzimwa ikapumzika." Nilicheka, lakini niliumia kidogo. Nataka kukuandikia jambo moja tu, la meno yako.

Wiki iliyopita tulipokuwa tunachuna majani kule chini kwa mto, wewe na Chebet mlikuwa mstari wa mbele, mimi nyuma yenu. Mlidhani niko mbali. Nilikusikia ukimwambia kwamba karibu na chuo huko Nairobi kuna mtu anayetoa meno rangi. Anapaka dawa, anasugua, na kwa siku moja unatoka na meno meupe. Ukasema, "Nikifika tu, naenda kutoa huu uchafu wangu. Sitasimama mbele ya watoto wa watu na uchafu mdomoni."

Uchafu wangu. Ulisema hivyo mara mbili.

Cherono, si uchafu. Haujawahi kuwa uchafu hata siku moja. Na mimi nimelijua hilo kwa miaka minne, nikanyamaza. Ndiyo maana naandika. Kama utaenda kwa huyo mtu, usiende kwa sababu ya uongo nilioulea mimi.

Nianze kabla yako. Unajua tulikaa kule chini, upande wa Chebunyo, kwenye boma la kogo, mama yake baba yako. Huku juu mvua inanyesha kila mchana hata kama hujaiomba. Kule unaweza kuangalia mawingu mwezi mzima na yasikuangalie. Tulikuwa tunateka maji kwenye bwawa. Ng'ombe wanaingia upande ule, sisi tunateka upande huu. Nilipoolewa nilikunywa hayo maji, na mtoto wangu wa kwanza akayanywa. Aliitwa Kiprotich. Najua umesikia jina lake lakini hatujawahi kukaa tukamzungumza. Aliharisha siku nne. Siku ya tano hakuwa na machozi ya kulia. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti.

Kwa hiyo walipokuja watu wa kuchimba kisima kirefu, mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kubeba mawe. Nilibeba nikiwa na mimba yako. Niliwapikia wale wachimbaji ugali na mboga mpaka wakaniita mama yao, na mmoja wao alikuwa na mvi. Maji yalipotoka nililia. Yalikuwa safi kama kioo. Unaweka kwenye glasi unaona kidole chako upande wa pili. Wanawake wakanichagua niwe nashika ufunguo wa pampu, na nilitembea na huo ufunguo shingoni kama mtu aliyepewa cheo.

Kogo alikuja akaonja. Akazungusha mdomoni kama anavyoonja maziwa, akatema. Akasema haya maji yana kitu, yanashika ulimi, ng'ombe wanywe lakini mtoto mdogo apewe ya mvua. Yeye alikuwa na tangi lake dogo chini ya bati. Nikamwambia kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa na hasira, kwamba maji yaliyomuua mtoto wangu hayakuwa na kitu chochote ulimini. Tangu ulipozaliwa hukuonja maji mengine ila ya kile kisima. Hata ukienda kwa kogo, nilikupa chupa yako. Nilikuchapa siku moja nilipokukuta unakunywa kwenye tangi lake. Ulikuwa na miaka mitatu.

Hayo ndiyo ya kwanza. Sasa nikwambie ya miswaki.

Mimi nimekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai, unajua, zile za mstari mmoja. Tulikuwa saba na mswaki mmoja. Ulining'inia kwenye msumari juu ya karai, wa rangi ya kijani. Tulipiga kwa zamu, mkubwa kwanza, na mimi nilikuwa kitinda mimba. Ukinifikia, nywele zake zilikuwa zimelala pande zote kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Jumapili babangu aliuchukua huohuo kusugua kola ya shati la kanisani. Hakuna aliyeona ni kitu kibaya. Tulijiona watu wa maendeleo, maana jirani zetu walikuwa wanapiga kwa kidole na majivu.

Kogo hakuwahi kushika mswaki wa plastiki. Yeye alivunja kijiti cha emitiot, ule mzeituni wa porini, akakitafuna ncha huku akikamua, na alipomaliza ng'ombe wa pili meno yalikuwa tayari. Unakumbuka ulipokuwa darasa la sita ukatusomea kwenye kitabu kwamba mswaki wa nywele ulianzia Uchina, kwamba mpini ulikuwa mfupa na nywele zilikuwa za shingo ya nguruwe, na kwamba nailoni ilikuja baadaye sana? Kogo alikuwa amekuja kututembelea, akakusimamisha. Akauliza, "Nguruwe? Mdomoni?" Ukasema ndiyo kogo, nguruwe. Akafikiri, akasema, "Na hao ndio walikuja kutuambia tuache vijiti." Baba yako alimwaga chai. Hiyo ni moja ya siku chache nilizokuona ukicheka mdomo wazi.

Na kogo alikuwa na lile pengo lake la chini. Meno mawili ya mbele. Ulikuwa unatia kidole chako hapo ulipokuwa mdogo, naye anajifanya kukuuma. Wasichana na wavulana wa wakati wake wote walitolewa, kwa kipande cha chuma, wamekaa chini na kichwa kimeshikwa. Walisema ni ili ugonjwa wa kufunga taya ukikushika, mtu aweze kukunywesha maziwa kupitia hapo. Walisema pia ni urembo. Sijui ni lipi lilitangulia. Ninachojua ni kwamba waliomshika walimpenda.

Meno yako ya kwanza yalikuwa meupe, Cherono. Madogo na meupe. Yalipong'oka tukayatupa juu ya paa kama watu wote. Halafu yakaja makubwa, na yalikuja na rangi. Mawili ya juu yalitoka na madoa kama chaki, halafu yale madoa yakageuka rangi ya chai, kila mwezi zaidi. Nilifikiri unakula udongo. Nilifikiri unaiba miwa. Nilikunusa mdomo. Siku moja nje ya kanisa mwanamke mmoja akakushika kidevu akaniuliza, huku anacheka, kama kwetu miswaki imekwisha. Wengine wakacheka naye. Mimi niliyekuwa nashika ufunguo wa maji, mtoto wangu ndiye mchafu.

Sasa lazima nieleze jambo la kibuyu, maana wewe umekulia huku juu, hukukiosha sana. Kogo ndiye aliyenifundisha kuosha kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando. Sikujua, nilikuwa msichana wa nyumba za mstari. Unachukua sosiot, ule mswaki wa kibuyu, fimbo ya ukindu iliyopondwa ncha mpaka ikawa na nywele ngumu. Unasugua ndani kwa maji, unamwaga, unasugua tena, mpaka maji yatoke bila harufu. Halafu unachukua kaa la mti wa senetwet, unalisaga humo ndani kwa ile sosiot, mpaka kibuyu kipakwe vizuri. Ukikiosha vibaya maziwa yanaharibika, na mgeni akionja anajua wewe ni mwanamke wa namna gani. Nilikuwa nimechekwa sana kwa vibuyu vyangu mwaka wa kwanza. Kwa hiyo nilijifunza nikawa hodari, mpaka jirani wakawa wananiletea vyao. Kitu chenye doa, dawa yake ni sosiot na makaa. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo, na nilikuwa najivunia.

Jumamosi iliyofuata ile ya kanisani nilikuita. Nilikuwa nimesaga makaa nikayaweka kwenye kifuniko cha sufuria. Nilikaa kwenye kigoda, nikakuweka kichwa katikati ya magoti yangu, nikakusugua meno kwa sosiot.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Nimeogopa kukuuliza. Mimi nakumbuka yote. Nilikuwa nakwambia fungua, fungua, karibu nimalize. Ulitema cheusi, halafu ukatema cheusi na chekundu. Doa halikutoka. Nikasema wiki ijayo litatoka. Nilifanya hivyo Jumamosi nyingi, mwanangu, kuanzia wakati wa kupanda mpaka wa kuvuna. Ulikuwa na miaka saba. Ulianza kuijua Jumamosi kutoka Ijumaa, unakataa chakula. Ule ufizi wako wa chini uliorudi nyuma, unaokuuma ukinywa kitu baridi, hukuzaliwa nao. Ni mkono wangu.

Siku moja kogo alikuja akatukuta. Alisimama mlangoni na kijiti chake mdomoni, akakitoa. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akasema, "Mama Cherono, mimi nilikufundisha kuosha kibuyu. Kibuyu hakilii."

Nami nikamjibu vibaya. Nilikuwa sijawahi kumjibu vile na sikurudia tena. Nikamwambia, "Wewe ulitolewa meno mawili kwa chuma na hukufa."

Akakitupa kile kijiti. Akasema, "Nililia pia. Hakuna aliyenisikia. Huyu mimi namsikia."

Akakuchukua mkono mkaenda kwake. Jioni baba yako alirudi, akaambiwa, nafikiri, maana hakuniuliza kitu. Alichukua ile sosiot akaivunja kwa goti akaitia jikoni kwenye moto. Wiki hiyo akakuletea mswaki mlaini wa rangi ya zambarau. Baba yako ukimpa maneno kumi kwa siku anarudisha saba, lakini siku ile nilielewa.

Ningependa kukwambia niliacha hapo. Nilichoacha ni ile fimbo tu, maneno yakaendelea. Tulipohamia huku Kericho, baba yako alipopata hili shamba la majani kwa urithi, ulikuwa unaenda miaka tisa. Chebet akazaliwa huku, akanywa maji ya mvua na ya chemchemi. Meno yake yakatoka meupe. Na Chebet, wewe unamjua, anapiga mswaki siku akikumbuka. Wewe ulikuwa unapiga asubuhi, mchana na jioni, na unajificha nyuma ya tangi unapiga tena. Hata kipofu angejiuliza. Mimi badala ya kujiuliza nilikuwa nakwambia, mwangalie mdogo wako. Nilikwambia hivyo mbele yake. Nilikwambia mbele ya wageni. Wewe ukajifunza kucheka na mkono mdomoni, na mwalimu wa kwaya alipokuja hapa kuniomba uimbe peke yako kwenye mashindano, ukakataa, nami nikamwambia mwalimu ni aibu ya kisichana tu, itaisha.

Sasa miaka minne iliyopita. Lile gego langu lilinisumbua, unakumbuka nilivyofunga kichwa kwa leso. Nilienda dispensari nikakuta siku hiyo amekuja daktari wa meno kutoka nje. Nilitarajia mzee, kumbe ni msichana, angeweza kuwa dada yako. Kabla ya kung'oa alitukusanya kwenye benchi atufundishe. Alikuwa na mdomo mkubwa wa plasta na mswaki wa urefu wa mkono. Alituonyesha kwamba hata mswaki mlaini hausugui kama mtu anayefua gunia, unazungusha polepole, kama unapangusa macho ya mtoto. Wazee walikuwa wanacheka. Halafu akafungua karatasi za picha. Jino lililooza. Ufizi uliovimba. Na picha ya tatu ilikuwa ni mdomo wako.

Si wewe, lakini ni wewe. Madoa yale yale ya chaki, na rangi ile ile ya chai juu yake.

Nilinyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nikasema, huyo ni yule asiyepiga mswaki. Daktari akasema, "Hapana mama. Huyu hata akipiga mara kumi kwa siku hayatoki. Ni maji aliyokunywa akiwa mdogo, meno yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya ufizi. Kuna visima virefu maji yake yana madini mengi." Akaendelea kusema kwamba si kosa la mtoto, na kwamba meno kama hayo yasisuguliwe kwa kitu kikali, wala mtu asikubali kupakwa asidi na watu wa mitaani, maana ngozi ya nje ya jino ikiisha hairudi. Akasema zipo njia za hospitali za kuyafunika, mtu akitaka. Halafu mzee mmoja akauliza habari ya tumbaku, na mafunzo yakaendelea bila mimi.

Nilipong'olewa sikusikia uchungu. Daktari alinisifu.

Nilitembea kurudi nyumbani nikipanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilipofika kwenye kona ya tangi nikakukuta umeinama. Ulikuwa na mswaki na magadi ya jikoni kwenye kiganja, unasugua, unatema, unajiangalia kwenye kile kipande cha kioo ulichokibandika ukutani, unasugua tena. Hukuniona. Ulikuwa na miaka kumi na tano. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu pamoja na ile pamba yenye damu.

Nikasema, "Maliza upesi, chai inapoa."

Hiyo ndiyo dhambi yangu kubwa, Cherono, kuliko ile sosiot. Ya sosiot nilikuwa sijui. Hii nilikuwa najua.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilijidanganya kwamba sitaki kukuumiza. Si kweli. Kama ni maji, basi ni maji niliyoyateka mimi, kwa pampu ambayo ufunguo wake nilivaa mimi, nikakukataza ya mvua, nikamkataa kogo. Na zile Jumamosi zote zilikuwa za bure. Uchafu ukibaki kuwa wako, mimi nabaki kuwa mama aliyejitahidi. Niliona ni rahisi wewe kubeba. Nimeandika sentensi hiyo na nimekaa naiangalia. Ni ya kweli, kwa hiyo siifuti.

Kogo alikufa bila mimi kumwambia alikuwa sahihi juu ya yale maji. Nilimwosha mimi mwenyewe siku ile, nikamfunga taya kwa kitambaa, nikaliona lile pengo, na hata hapo nikanyamaza, na hakuna aliyekuwa ananisikiliza ila yeye.

Mtu angesema sasa nikupe funzo. Sina. Ningekwambia, ukipata mtoto, wasikilize wazee. Lakini wazee ndio waliomshika kogo kichwa. Ningekwambia, sikiliza watu wa kisasa. Wao ndio waliochimba kisima, na mpaka leo sijui kama nilikosea kukishangilia, maana watoto wa kule waliacha kufa. Wewe ulipona kwa maji hayo hayo yaliyokupa rangi. Nikilala nayazungusha haya mawili na hayakubali kukaa pamoja. Labda ni hili tu: mimi niliangalia jino, sikumwangalia mwenye jino. Ulikuwa unalia hapo magotini mwangu na mimi nilikuwa natafuta doa.

Kuhusu huyo mtu wa Nairobi, umekuwa mtu mzima, mdomo ni wako. Nimeutia mkono mara nyingi sana, sasa nautoa. Nilichosikia kwa daktari nimekuandikia kama alivyosema. Ukitaka kuyafunika hospitalini, fanya, sitakuuliza kwa nini. Ukitaka kuyaacha, yaache. Mswaki utachagua mwenyewe, mimi nimepoteza haki ya kukuchagulia, ila niruhusu neno moja la mama: mlaini.

Na wale watoto wadogo utakaowafundisha. Wataangalia mdomo wako siku nzima, maana mtoto hujifunza kusema kwa kuangalia mdomo. Mmoja atakuuliza, mwalimu, kwa nini meno yako yako hivi. Watoto huuliza. Nimekuona ukiogopa hilo swali tangu barua ilipokuja, ndiyo maana nikajua unaweza hata kuacha chuo kwa ajili yake. Sasa jibu unalo. Utamwambia ni maji niliyokunywa nikiwa mdogo. Ni hayo tu, na ni kweli, na huhitaji kuinamisha kichwa ukisema.

Nilikuwa nimekusudia kuikunja barua hii na kuiweka ndani ya blanketi, uikute kesho kutwa ukiwa mbali. Nilikuwa nimeshaanza kuikunja. Halafu nikaona ni mambo yale yale, nikitaka ujue ukweli mahali ambapo sitakuona uso. Basi nitakupa mkononi leo, ukivua koti tu, kabla hujala. Chebet nitamtuma kwa jirani. Isome hapa mezani, nami nitakaa kiti cha pili, sitaenda jikoni kujifanya napika. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kunyamaza mpaka Nairobi, nitakusindikiza stendi hivyo hivyo, nimebeba ndoo yako. Usinisamehe haraka kwa sababu kesho ni safari. Na kama kuna kitu unakumbuka cha zile Jumamosi ambacho mimi sikukiandika, usiende kumuuliza baba yako. Niulize mimi. Mimi ndiye niliyekushika kichwa.

Mama yako